Nyuzi za Marehemu Kucha

Hazikuwepo. Hata mmoja.

Ndugu msomaji, kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia karanga, nitakukumbusha bila kukugombeza. Tulimwacha daktari wetu wa meno amepiga magoti sebuleni kwake mbele ya wageni, amefunua kifuniko cha kasha kiasi cha kupitisha pua. Ndani aliiona mandolini. Nyuzi hakuziona.

Sasa hiyo haikuwa mandolini ya kuokota dukani. Ilikuwa ya marehemu Kucha, yule mzee aliyetikisa kumbi za dansi kwa ukucha wa kidole gumba, hakujua chombo kingine cha kuchapia nyuzi. Daktari alikuwa tayari na mandolini nne za wapigaji wanne waliotangulia mbele ya haki, zimetundikwa kwenye chumba ambacho mkewe anakiita mochwari. Lakini ya Kucha ndiyo iliyomnyima usingizi. Mwishowe akabadilishana na binti wa marehemu: yeye akatoa gari, binti akatoa mandolini. Tangu siku hiyo mwanaume anakwenda kwa miguu na kuwaambia watu ni kwa ajili ya afya.

Binti alitoa sharti moja mbele ya mashahidi. Nyuzi zibaki vilevile baba yake alivyozikaza siku ya mwisho alipoilaza kwenye kasha. Zisiguswe. Sharti likivunjwa, mandolini inarudi kwake, na gari halirudi.

Na binti mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba juu ya magoti, funguo za lile gari zikining'inia kidoleni.

"Mbona umefunika?" akauliza Kabati.

Kabati ni mwenyekiti wa Chama cha Nyuzi Pacha, yaani watu wazima wenye kazi zao na familia zao ambao hukutana kuwasujudia wapiga mandolini waliokufa. Jina alilipata kwa sababu kila chombo anachonunua hukifungia kabatini, na hakuna aliyewahi kukiona tena ila yeye na mende. Mandolini ya Kucha aliitaka kuliko alivyoitaka pepo.

"Joto," akasema Daktari. "Watu ni wengi humu. Mbao inashtuka."

"Mbao inashtuka?"

"Ikitoka gizani ghafla. Tunywe chai kwanza, ipate kuzoea."

"Chai tumeshakunywa."

Mke wa daktari alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu. Alimtazama mumewe usoni mara moja tu.

"Ile ilikuwa ya kukaribishia," akasema. "Chai yenyewe bado."

Daktari akalikumbatia kasha na kutoka nalo kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Mkewe akamfuata ukumbini na kuvuta mlango.

"Nani kaingia chumbani kwangu?"

"Mochwari?"

"Mama watoto, leo sina utani."

"Mama aliingia jana kufagia. Alisema kuna buibui."

Huyo mama ni mama mkwe. Alikuja kukaa wiki moja, na sasa ana ufunguo wake, ndoo zake, na upande wake wa uwanja. Daktari alimkuta huko nyuma, amesimama kwenye meza ndefu, mbele yake pande la sabuni kubwa kama mto wa kulalia. Sabuni hiyo huipika mwenyewe na mtaa mzima hununua. Mikononi alishika waya mwembamba unaong'aa, kila ncha ameifungia kijiti. Akaulaza juu ya sabuni, akavuta chini, na mche mmoja ukadondoka umenyooka.

Angekuwa mtu mwingine yeyote, Daktari angepiga ukelele wa kuwatoa wagonjwa kwenye kiti. Lakini mama mkwe hapigiwi ukelele. Hata kumtazama vibaya ni kazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Si uliniamkia asubuhi?"

"Nimeona nirudie."

"Una malezi mazuri. Mungu akuweke."

"Huo waya, mama. Ni mzuri."

"Mzuri sana. Ule wa zamani ulikuwa unavutika, sabuni inatoka imepinda kama meno ya wagonjwa wako. Huu umetulia."

"Umeutoa wapi?"

"Kwenye kale kagitaa kako kanakolala sandukuni. Nikasema hakapigwi, hakauzwi, waya wote huo unakaa bure kwa faida ya nani?"

Kagitaa. Daktari akashika ukingo wa meza. Kuna watu katika chama kile ambao wangetoa jino zima bila ganzi ili waguse zile nyuzi, na hapo zilikuwa zinatoa povu.

"Na nyingine, mama? Zilikuwa nane."

"Kwani nimezila? Mbili hizi, huu na ule pale mezani. Mbili nimemtundikia marehemu baba mkwe wako, picha yake ilikuwa imekaa upande. Mbili nimefungia mlango wa banda la kuku. Zilizobaki naanikia soksi. Soksi zako mwenyewe, sikufanya kwa faida yangu."

"Mama, naziomba."

"Zote?"

"Zote."

"Kuku je, wakitoka?"

"Watoke."

Basi msomaji, kama hujawahi kumwona daktari wa meno mwenye suti akikimbia na soksi mabegani, pole yako. Alifungua za soksi. Alifungua za banda, na kuku wakatoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Aliingia chumbani kwa mama mkwe akapanda kitanda, na mama mkwe akawa nyuma yake.

"Unamshusha baba mkwe wako kwa ajili ya waya?"

"Nitampandisha, mama. Kwa msumari mpya."

"Alikupa mke bila kukusumbua, yule."

"Najua, mama."

"Wenzako walisumbuliwa."

Picha ya baba mkwe ikaegemezwa kwenye mto, uso umekunjamana kama alivyokuwa hai.

Daktari na mkewe wakajifungia kwenye chumba cha kutibia, upande wa mbele wa nyumba. Mandolini wakailaza kwenye kiti cha wagonjwa, taa kubwa wakaivuta juu yake. Daktari alikwangua sabuni kwenye kila uzi kwa kile kichuma cha kukwangulia ukoga, akazisuuza, akazikausha kwa pamba. Kisha akaanza kuzifunga, na mikono ikamgoma. Mikono hiyo imeng'oa magego yenye mizizi iliyopindana, lakini kwa uzi mmoja ilitetemeka mpaka mkewe akamsogeza pembeni kwa kiuno.

"Shika koleo. Mimi napitisha, wewe zungusha."

Wakafanya hivyo. Mke akapitisha, mume akazungusha kwa koleo la kung'olea magego.

"Zimekazwa sawasawa?" mkewe akauliza.

"Kama alivyozikaza marehemu."

"Alizikazaje?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Ndiyo maana ina thamani."

Mkewe akafungua kinywa, akakifunga. Kuna maswali ambayo mwanamke mwenye busara huyahifadhi kwa siku yenye nafasi.

Waliporudi sebuleni, kuku mmoja mweupe alikuwa ametangulia. Amesimama katikati ya zulia, anawakagua wageni kwa jicho moja.

"Daktari," akasema Kabati, "huyu naye ni mwanachama?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, jasho likimtiririka mgongoni. Akaweka kasha mezani na safari hii akafunua kifuniko chote.

Wageni wakasogeza viti. Ilikuwa nzuri, lazima nikiri, mimi ninayewatania watu hawa kila wiki. Tumbo lake la mviringo lilikuwa limechakaa mahali mkono wa Kucha ulipolalia maisha yake yote, rangi imetoka mpaka mbao inaonekana. Mwanachama mmoja alitoa leso. Mwingine, fundi saa mnene anayelia hata kwenye matangazo ya redio, akanyoosha kidole.

"Naomba ninuse tu," akasema. "Siigusi. Jasho la Kucha limo humo."

Daktari hakuwahi kumzuia. Fundi saa akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akafumbua macho. Akavuta tena.

"Kucha alikuwa msafi sana," akasema polepole.

Binti wa marehemu akainua uso.

"Baba yangu? Msafi?"

Akainuka, mkoba kwapani, akainama juu ya kasha naye akanusa. Alipoinuka alimtazama Daktari bila kupepesa.

"Baba yangu hakuwahi kunukia sabuni," akasema.

Kabati alikuwa akiingoja nafasi hiyo. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Sikutaka kusema," akasema yule mtu aliyekuwa akitaka kusema tangu mwanzo, "lakini nilipokuwa dirishani nilimwona mwenye nyumba akifungua waya kwenye banda la kuku. Nikajiuliza, mtu ana wageni, anafunguaje banda? Sasa nimeelewa. Binti, nyuzi za baba yako zimelinda kuku."

Macho yote yakamgeukia Daktari.

Hapo alikuwa na njia mbili, na zote aliziona vizuri. Angeweza kusema kweli: ni mama mkwe, mimi sikujua. Pengine binti angemhurumia, maana nani asiyejua mambo ya wakwe? Mandolini ingebaki. Lakini mlango wa ukumbini ulikuwa wazi, na nje ya mlango huo aliona pindo la kanga na ncha ya kandambili. Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Daktari akaitazama mandolini aliyoitamani nusu ya umri wake, akaitazama na ile kandambili.

"Mimi ndiye niliyezitoa," akasema. "Niliziosha."

"Ukaziosha?" Binti alishangaa. "Kwa sabuni?"

"Mimi ni daktari wa meno. Naosha kila kitu."

"Na banda la kuku?"

"Nilizianika huko. Kuna upepo."

Hata kuku alimtazama kwa mashaka.

"Basi mambo yamekwisha," akasema Kabati, na mkono wake ukaanza kulitafuta kasha. "Sharti limevunjika. Binti, inarudi kwako, na mimi na wewe tutazungumza vizuri, nina kabati moja halina kitu..."

"Asionewe mkwe wangu."

Mama mkwe aliingia na beseni la miche ya sabuni kichwani, akalitua mezani kando ya kasha, akajifuta mikono.

"Nyuzi nimezitoa mimi. Nimekatia sabuni hii hapa, mnaweza kuihesabu. Huyu alikuja akanikuta, na badala ya kunifokea akaniamkia mara ya pili kwa siku moja. Sasa anajisingizia ili anisitiri, na uongo wenyewe hajui. Nani anaanika waya?"

"Mama," Daktari akasema.

"Nyamaza, baba. Umeshasema vya kutosha." Akamgeukia binti. "Mwanangu, nimekukosea, sikujua ni ya marehemu. Lakini nikuulize. Kama ilikuwa ya thamani hivyo, mbona ulimpa mtu asiyekuwa ndugu yako, kwa gari?"

Chama kizima kikashika pumzi. Mambo ya binti na gari hayaulizwi.

Binti akakaa. Aliangalia ile miche iliyonyooka, akachukua mmoja, akaupimapima mkononi. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Wote walidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akawa analia kweli.

"Mlidhani naitunza," akasema. "Ninyi nyote. Mkanisifu, binti anamheshimu baba. Baba yangu akirudi safari alikuwa anaipangusa hiyo kwanza, halafu ndipo anauliza kama tuko wazima. Siku mama anajifungua mdogo wangu, yeye alikuwa anabadilisha nyuzi. Niliposema isiguswe, nilitaka inyamaze. Nilitaka nayo ikae ikingoja mtu, ione."

Fundi saa alikuwa amemaliza leso yake na sasa anatumia ya jirani.

"Ilikuwa inangoja, mwanangu," akasema mama mkwe kwa upole. "Lakini sasa imefanya kazi kidogo."

"Imekata vizuri?"

"Haijawahi kukatwa sabuni hivi."

"Nipe mche huu niende nao."

"Chukua miwili."

Kabati akakohoa. "Samahani. Haya ni mambo ya kifamilia na yanagusa moyo. Lakini sharti ni sharti."

"Sharti langu au lako?" binti akamuuliza.

Kabati akafungua kifungo cha koti.

"Basi nalibadilisha. Kunyamaza kwake nako kumenichosha. Nimeendesha lile gari mji mzima, na kila ninapofika najua kuna kitu changu kimefungiwa mahali. Ibaki hapa, lakini ipigwe. Na apige mwenye nyumba, si mtu wa kukodi. Nataka niisikie mara moja mikononi mwa mtu anayejua kuwasitiri watu wa nyumbani kwake. Apige sasa."

"Na asipoweza?" Kabati akauliza upesi.

"Asipoweza, peleka kabatini kwako."

Kabati alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Daktari, kwa mazoea ya kazi, aliona mawili yanahitaji kuzibwa.

"Hawezi," akasema Kabati. "Miaka yote tuliyokaa naye kwenye chama hatujawahi kumwona akigusa uzi. Kila tukimwambia ana kidole kinauma."

"Nani kakwambia hawezi?"

Huyo alikuwa mke wa daktari. Alikuwa ameweka sinia chini, na uso wake ulikuwa na moto ambao Daktari aliufahamu na kuuogopa.

"Mimi nimeolewa kwa mandolini," akasema. "Alikuwa amepanga chumba ukuta mmoja na kwetu. Kila jioni tunamsikia upande wa pili anapiga. Anapiga, anakosea, anarudia. Nyumba nzima tunanyamaza. Muulizeni mama."

"Kweli kabisa," akasema mama mkwe. "Baba yake alikuwa mtu mgumu yule, lakini akisikia ile mandolini alikuwa anaweka kijiko chini. Ndiyo maana hakukusumbua, mkwe wangu."

Chama kikaguna kwa kuridhika. Binti akasogeza kiti.

Na hapa, ndugu msomaji, inabidi nimvue daktari wetu nguo mbele yako. Hajui kupiga. Hajawahi kujua. Kule kwenye chumba cha kupanga alikuwa na redio ya kaseti na mkanda mmoja wa Kucha, na jioni aliigeuza redio ikaelekea ukutani. Kukosea na kurudia kulikuwa ni kidole chake kwenye kitufe, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaachia tena. Alimwona binti wa jirani akianika nguo, akampenda, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Baada ya harusi ndipo kidole kilipoanza kuuma. Kimeuma mpaka leo, watoto wamekua, na hajawahi kupata ujasiri wa kumwambia. Kila mandolini ya marehemu aliyoinunua ilikuwa ni kama kuomba radhi kwa uongo ule.

Sasa alikuwa ameketi, tumbo la mandolini limeegemea kwenye suti yake, na mbele yake watu wote waliomwamini. Mandolini ingeondoka, hilo lilikuwa wazi. Gari limeshaondoka. Lakini hakuwa anawaza mandolini wala gari. Alikuwa anamwangalia mkewe, na aliona haya kiasi kwamba angeshukuru sakafu ingepasuka.

"Mama watoto," akaanza, "kuna kitu..."

"Kwanza nikazime jiko," mkewe akamkatiza. "Wewe jiandae tu. Piga ule wa jioni, ule unaourudia katikati."

Akapita nyuma ya kiti chake. Akipita akaweka mkono begani kwake, akaubonyeza kidogo, akaenda. Lakini hakwenda jikoni. Aliingia chumba cha pili, kile kinachopakana na sebule kwa ukuta mmoja, na mlango akaurudishia bila kuufunga.

Daktari akasikia droo ikivutwa. Akasikia plastiki ikigongana na plastiki. Kisha akausikia mlio mdogo wa kifuniko cha redio kinachofungwa, mlio anaoufahamu kuliko jina lake.

Alijua. Huyu mwanamke alikuwa anajua. Pengine tangu ukutani kule, tangu siku ya kwanza, na alimpikia na kumzalia na kumwuliza kila mara kidole kinaendeleaje. Daktari aliinamisha kichwa ili wageni wasimwone macho, nao wakadhani ndivyo wapigaji wakubwa wanavyojitayarisha.

Akainua kidole gumba juu ya nyuzi.

"Samahani kidogo," akasema Kabati, akiinuka. "Nanawa mikono, narudi sasa hivi."

Na mlango alioanza kuuelekea haukuwa wa kunawia, bali ule uliorudishiwa.